Bondia kaumia kichwa: WCF, mahakamani, kamisheni au mezani? Tulinganishe kabla muda haujaisha

Kila baada ya usiku wa ngumi hapa Dar zinakuja meseji za aina moja, mdogo wangu kapigwa KO (kaangushwa akashindwa kuendelea), wiki ya pili hii kichwa kinamuuma, anasahausahau, promota hapokei simu, tumshtaki wapi? Na ukiuliza mtaani kila mtu anakutajia njia anayoijua yeye, mmoja anasema nendeni mahakamani, mwingine nendeni kamisheni ya ngumi, mzee mmoja atasema malizaneni kindugu tu. Njia zote zipo na zote zimeshamsaidia mtu mahali fulani, shida ni kwamba kila moja inafaa jeraha la aina yake na mtu wa aina yake, na ukiingia isiyo yako unaweza kumaliza mwaka mzima kwenye korido huku ile iliyokufaa inafungwa.

Naongelea zaidi ngumi za kulipwa sababu ndo ninakokaa, ila kipa aliyegongana na mshambuliaji akazimia naye yumo humu humu.

Na kabla ya yote, kama bado ana maumivu ya kichwa yanayoongezeka, anatapika, analala kupitiliza, anaongea vitu havieleweki au mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, acha kusoma hapa mpeleke hospitali yenye CT scan sasa hivi, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili ndo wana wapasuaji wa ubongo. Sheria itakusubiri hata kesho, damu kichwani haisubiri.

Vitu vya kupima kwanza

Cha kwanza, na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: jeraha lina tarehe au halina? Damu kuvuja kwenye ubongo usiku wa pambano ina tarehe, ina raundi, ina video, ina watu waliokaa mbele wakaona. Lakini kuna ile ya mzee aliyepigana miaka na miaka, akaspari (mazoezi ya kupigana na mwenzako) kila siku bila kofia ya kichwa, leo mkono unatetemeka, hasira za ghafla, anapotea njia ya kurudi kwake Mabibo. Hiyo haina ngumi moja utakayoinyooshea kidole. Na ule ugonjwa wa ubongo wa kupigwa kichwa mara nyingi, ambao wataalamu wanauita CTE, mpaka leo unathibitishwa kwa kuchunguza ubongo wa mtu aliyeshafariki, ndivyo Mnigeria Bennet Omalu alivyoukuta kwa Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Marekani aliyefariki 2002. Kwa hiyo mtu akiwa hai unachoweza kumpatia ni historia yake, dalili na vipimo vya kumbukumbu, cheti cha CTE hutapata. Sheria inahesabu siku, na ubongo unaoharibika polepole haukuachii siku ya kuanzia.

Cha pili, nani alikuwa bosi wako, maana kuna bondia mwenye kambi na promota mmoja na kuna anayepigana kwa yeyote anayepiga simu. Cha tatu, unatakiwa kuthibitisha nini, kwamba umeumia kazini tu, au kwamba fulani alizembea? Hizo ni safari mbili tofauti kabisa. Halafu muda wa mwisho wa kupeleka dai, hela ya kuanzia, na hela inayoweza kutoka. Na kimoja watu wanakisahau: ukimaliza unataka nini, matibabu ya mwezi ujao, au mtu awajibike ili pambano linalofuata ambulensi iwepo?

Njia ya 1: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF)

Mfuko umetokana na sheria ya 2008 na umeanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata shilingi.

Unachothibitisha hapa ni kidogo kuliko njia zote, ulikuwa mfanyakazi na umeumia au umeugua kwa sababu ya kazi, basi. Huna haja ya kuonyesha kocha alikosea au refa alichelewa. Na sheria inataja ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, kwa hiyo yule mzee asiye na tarehe angalau ana mlango wa kugonga. Wazo lenyewe sio geni, Uingereza mwaka 2002 ofisa anayechunguza vifo alisema kifo cha Jeff Astle, mshambuliaji wa zamani wa West Bromwich Albion, kilitokana na ugonjwa wa kazi, yaani kupiga mipira kwa kichwa miaka yote ile.

Muda: hesabu miezi 12 toka ajali, taarifa iwe imefika. Gharama ni nauli na kutoa kopi. Unachopata ni matibabu, asilimia 70 ya kipato wakati huwezi kufanya kazi mpaka miezi 24, kisha wanapima ulemavu wa kudumu, usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kuna utengamao (kumsaidia mgonjwa arudi kwenye kazi na maisha yake), kuna posho ya mtu anayemhudumia mgonjwa, na akifariki kuna msaada wa mazishi na malipo ya wategemezi. Hiyo posho ya mhudumu muitilie maanani jamani, sababu mtu aliyeumia ubongo anataka mtu wa kukaa naye kutwa, na mara nyingi ni mama yake au mke wake ambaye kaacha biashara yake.

Pa kuumia ni neno mfanyakazi. Promota atakwambia huyu sio mfanyakazi wangu, ni msanii tu nimempa pambano. Usikate tamaa hapo, Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kifungu cha 61 inasema mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi hadi ithibitishwe vinginevyo kama kuna hata kimoja kati ya vitu kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anategemea kipato toka kwa mtu huyo, anapewa vifaa, anafanya kazi kwa mtu mmoja tu. Bondia anayelala kambini, anapangiwa mazoezi alfajiri na jioni, glovu za promota, haruhusiwi kupigana kwingine bila ruhusa, huyo ana hoja nzuri sana. Anayechukua pambano Tandika leo na Morogoro mwezi ujao kwa watu tofauti atapata shida hapa, na hata akikubaliwa, kipato chake kinapimwa kwa karatasi zipi wakati analipwa keshi kwenye bahasha? Mchezaji wa ligi kuu mwenye mkataba na mshahara benki yeye hili halimsumbui.

Kitu kingine, WCF haimlaumu mtu. Atakayekulipa hatasema nani alikosea.

(Kama kilichotokea ni klabu kukata mshahara au kugoma kulipia matibabu yaliyoandikwa kwenye mkataba, hiyo ni ya CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, hawatozi ada, ila siku ni 60 tu, na kama wamekufukuza ni 30.)

Njia ya 2: Kesi ya madai mahakamani

Hapa ndo pa kusema fulani alizembea. Unathibitisha alikuwa na wajibu wa kukulinda, hakuutimiza, na kwa sababu hiyo wewe ukaumia zaidi ya ambavyo ungeumia. Hilo la mwisho ndo linaangusha kesi nyingi, maana ngumi ni mchezo wa kupigwa na mwenzako alikupiga kihalali.

Ndo maana kila anayefikiria njia hii aijue kesi ya Michael Watson. Septemba 21, 1991 alipigana na Chris Eubank uwanja wa White Hart Lane, London, refa akasimamisha raundi ya 12, Watson akaishia kuzimia. Ulingoni hapakuwa na vifaa wala daktari wa kumpa huduma ya kuokoa ubongo palepale, zikapita dakika kadhaa hata daktari hajamgusa, akapelekwa hospitali ya kwanza ambayo haikuwa na wapasuaji wa ubongo, ikabidi ahamishwe nyingine. Alikaa kwenye koma siku 40. Aliyemshtaki sio Eubank, alishtaki bodi inayosimamia ngumi Uingereza, akashinda, na Mahakama ya Rufaa ikakubali Desemba 2000. Bodi haikurusha ngumi hata moja, ila ndo iliyokuwa inapanga kanuni za usalama ulingoni na mabondia wote walikuwa wanaitegemea, kanuni zenyewe hazikuwa na huduma ambayo ingepunguza madhara. Mwishoni alilipwa kama pauni 400,000 na bodi ikauza ofisi yake ya London.

Ona alichofanya yule mtu. Hakudai kwa kupigwa, alidai kwa kile kilichotokea baada ya kupigwa. Kwa hiyo kwenye kesi yako angalia dakika zile: ambulensi ilikuwepo? Ilikuwa na oksijeni na mhudumu au ilikuwa gari tupu? Daktari alikuwepo, alipanda ulingoni saa ngapi? Waliwasiliana na hospitali mapema? Bondia alikuwa kwenye katazo la kupigana baada ya KO ya juzi na bado wakampa kibali? Hukumu za Uingereza za baada ya 1920 hazifungi mahakama zetu, ila wakili anaweza kuzitumia kushawishi na hufanya hivyo kila siku.

Sasa kuna ile karatasi. Siku ya kupima uzito, bondia ana njaa, ana kiu, kakausha mwili siku mbili, anawekewa karatasi juu ya boneti ya gari asaini haraka, imeandikwa napigana kwa hiari yangu na sitamdai promota chochote nikiumia. Wengi wakiikumbuka hiyo wanaona kesi imekufa. Haijafa. Ulikubali kupigwa ngumi, hukukubali kukosa daktari, hiyo ni hoja ambayo Watson mwenyewe ilimbeba. Wala promota asiseme hakujua ngumi zinaharibu ubongo, daktari Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia na hali hiyo mwaka 1928.

Muda: uzembe ni miaka 3, dai la kuvunja mkataba miaka 6. Kama siku haki ya kudai ilipoanza mtu alikuwa tayari hana akili timamu, Sheria ya Ukomo inampa nafasi mpaka hali hiyo iishe, na waziri wa sheria anaweza kuongeza muda usiozidi nusu ya ule wa kawaida kukiwa na sababu ya msingi, ila usipange maisha yako kwa kutegemea hizo. Ukitaka kuunganisha chombo cha serikali kuna notisi ya siku 90 kwanza, nayo inakula kalenda. Mgonjwa ambaye hawezi kujisimamia anaweza kushtaki kupitia ndugu anayemwakilisha, na akifariki msimamizi wa mirathi na wategemezi wana haki zao.

Gharama ndo nzito: wakili, ada, daktari bingwa wa kuja kutoa ushahidi, na miaka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, LHRC (kituo cha sheria na haki za binadamu) wapo, TLS (chama cha mawakili) wapo, waendee mapema na karatasi zako mkononi. Unachoweza kupata ni kikubwa kuliko kwingine, maumivu, kipato kilichopotea, matunzo ya maisha. Unaweza pia kushinda na usilipwe, promota ambaye mali yake yote ni simu na bango utamkamata nini? Angalia mshtakiwa ana nini kabla hujafungua.

Mzee wetu asiye na tarehe njia hii ni ngumu kwake sana, mapromota wawe kumi, makocha wanne, nani kati yao kaharibu? Sisemi haiwezekani, nasema asianzie hapa.

Njia ya 3: Kamisheni au shirikisho

Kwa ngumi ni TPBRC, kamisheni ya ngumi za kulipwa, ndo wanaotoa leseni na vibali vya mapambano, na juu yao kuna Baraza la Michezo la Taifa. Unathibitisha kanuni ilivunjwa, basi. Hakuna gharama ya maana, barua inatosha, na siku za kusubiri ni chache ukilinganisha na mahakama.

Hela utakayotoka nayo ni ndogo au hakuna, maana chombo cha nidhamu kinafungia na kupiga faini, hakipimi thamani ya kumbukumbu iliyopotea. Kinachonifanya niiheshimu njia hii ni vitu viwili. Inaweza kuzuia mtu yuleyule asiandae pambano lingine Jumamosi ijayo bila daktari. Na pili inazalisha karatasi: ripoti ya daktari wa ulingoni, kibali, majina ya waliokuwa zamu, majibu ya promota kwa maandishi. Karatasi hizo utazihitaji WCF, utazihitaji mahakamani. Udhaifu wake Watson ameshatuonyesha, kuna siku aliyekosea ni msimamizi mwenyewe, na huwezi kumpelekea mtu kesi yake aihukumu.

Wa mpira mna TFF, shirikisho la mpira wa miguu, na kamati yake ya hadhi za wachezaji, mchezaji wa kigeni anaweza kwenda FIFA ndani ya miaka 2. Mnaambiwa mpira haupelekwi mahakamani, ila kanuni za FIFA zenyewe zinamwachia mchezaji haki ya kwenda mahakama ya kawaida kwa mgogoro wa ajira.

Njia ya 4: Kumalizana mezani

Huku huthibitishi kitu, mnaelewana. Haraka kuliko zote, gharama ni wakili wa kusoma karatasi, na uhusiano unabaki, jambo ambalo kwa mtu wa Manzese aliyekulia kwenye jimu hiyo sio dogo, kocha ni kama baba yake.

Hata kesi kubwa za nje zimeishia hapa. Magomed Abdusalamov alipigwa New York Novemba 2013, madaktari wa kamisheni walimwangalia wakamwachia aondoke, akaenda hospitali kwa teksi damu ikiwa inavuja kwenye ubongo, na mwaka 2017 jimbo la New York likakubali kuilipa familia dola milioni 22. Ligi ya futiboli ya Marekani nayo, kesi za maelfu ya wachezaji zikamalizwa kwa makubaliano yaliyoanza kutumika 2017, mpaka sasa yamelipa zaidi ya dola bilioni 1. Ila soma ndani yake uone: malipo ya kifo chenye CTE ni kwa waliofariki kabla ya Aprili 22, 2015 tu, waliofuata hawamo kwenye fungu hilo. Na vipimo vya akili viliwahesabia wachezaji weusi kwamba walianzia chini, kwa hiyo hasara yao ionekane ndogo, mpaka mwaka 2021 ndo ligi ikakubali kuacha. Makubaliano ni mazuri kama mstari uliobeba dai lako ni mzuri, na mstari huo anauandika mwenye hela.

Hapa kwetu hatari ni laki tano ya Ijumaa. Familia imekwama na bili, promota anakuja na bahasha na karatasi inayosema nimepokea na sina dai lingine lolote. Wiki sita baadaye jamaa anaanza kudondoka kifafa. Kwa hiyo: isainiwe baada ya vipimo, iandikwe hela hii ni ya bili zipi, iseme matibabu ya baadaye yanabaki wazi, ipitie benki au simu ili ionekane. Na kama mgonjwa bado amechanganyikiwa asisaini, Sheria ya Mikataba inataka anayesaini awe na akili timamu, hiyo inamlinda yeye na hata promota mwenye nia njema itamsaidia asije kurudi mezani upya. Muda wa mahakama na wa WCF hausimami eti kwa sababu mnaongea, promota akikwambia tuvumiliane mpaka baada ya Ramadhani angalia kalenda.

Sasa wewe uko wapi?

Una mkataba na mshahara, umeumia mechini au mazoezini: WCF kwanza, barua kwa mwajiri wiki hiyohiyo, na CMA kama wanagoma kulipa yaliyo kwenye mkataba.

Uko kambi ya promota mmoja bila mkataba wa ajira, kuna KO yenye tarehe: kusanya ushahidi wa kwamba ulikuwa mtu wake, meseji za kukupangia mazoezi, picha za kambi, miamala ya simu, peleka WCF, na sambamba andikia kamisheni.

Huna bosi maalum, ila usiku ule hapakuwa na daktari wala ambulensi, na umebaki na ulemavu mkubwa: hapa mahakama inastahili hesabu, hasa kama mwandaaji ni kampuni yenye mali. Anza na kamisheni upate nyaraka, ila ndani ya mwezi mmoja toka uumie uwe umeshaonana na wakili. Video ya matangazo itunze kamili, sio kipande cha WhatsApp, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaipokea ukionyesha imetoka wapi na haijachezewa.

Umeumia kidogo, umepimwa, unapona, na promota anapokea simu: mezani, kwa maandishi, na usipande ulingoni mpaka daktari aseme.

Wewe ni yule mzee, au mtoto wake: mwandikie historia yake sasa angali anakumbuka, mapambano, tarehe, KO, jimu, nani walikuwepo, mpeleke kliniki ya ubongo apimwe na majibu yaandikwe, halafu muone mtu wa msaada wa kisheria kuhusu dai la ugonjwa wa kazi kwa yule aliyemtumikia muda mrefu zaidi. Dai hilo sio jepesi, ila kila mwezi unaopita bila daftari linakuwa gumu zaidi.

Na kama pambano bado halijafika, wewe uko kwenye mazoezi tu unasoma hii, muulize promota leo kwa meseji: daktari ni nani, ambulensi inatoka wapi, hospitali ya karibu yenye CT scan ni ipi. Majibu yake yahifadhi, na mtumie pia mtu mmoja wa nyumbani.